Jina Ambalo Mama Halitamki

Mchungaji Wicken,

Shikamoo. Sijui kama mtu aliyekufa miaka mia tatu iliyopita huamkiwa, lakini siwezi kuanza kusema na mkubwa bila kumwamkia. Ndivyo tulivyolelewa Mombasa, hata sisi Wahindi.

Naitwa Hansa, nina miaka kumi na tano. Ni mimi ninayekaa humu kanisani, kwenye benchi lililo chini ya jiwe lako la ukumbusho la ukutani, kila nikitoka shule. Chumba chetu hapa Kilburn, Uingereza, ni kimoja, tumo wanne, Mama, mimi na wadogo zangu wawili, na mwenye nyumba hataki kusikia mtu akitembea juu ya kichwa chake. Sisi si Wakristo. Mama anadhani niko maktaba. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Mama anasoma Kigujarati na walimu wangu wanasoma Kiingereza, na haya sitaki wayasome.

Siku hizi mlangoni kwako yanapita mabasi mekundu, na ndani kuna hita ya gesi inayonuka. Anayefagia ni Bibi Dorothy. Ndiye aliyenipa karatasi yenye maisha yako. Mtoto wa fundi viatu, ukasoma, ukapewa kanisa hili ukiwa bado kijana, ukalitumikia miaka ishirini. Tauni ilipoingia, wenye farasi walikimbia. Wewe ulibaki ukizika watu. Kisha serikali ikataka kila mchungaji aape kwamba atasali kwa kitabu chao tu. Ukaitwa, ukaulizwa, ukanyamaza. Wakakutoa nyumbani na mkeo na watoto, wakakufunga, na ulipotoka jela wakakukataza kusogea karibu na hapa, mwisho wako maili tano. Karatasi inasema kila Jumamosi mkeo alitembea mpaka kwenye jiwe la maili ya tano, akakuletea mkate na nguo safi, na kwamba uliruhusiwa kurudi kanisani kwako siku ya kuzikwa tu.

Hapo kwenye Jumamosi niliikunja karatasi, sikuweza kuendelea. Mama naye huenda Jumamosi. Hupanda mabasi mawili mpaka kwenye nyumba iliyo karibu na uwanja wa ndege, ambako Baba amezuiwa, akampelekea chapati na shati lililopigwa pasi.

Ni mimi niliyesababisha azuiwe. Acha niseme.

Sisi tulitangulia kuja, Baba akabaki kufunga duka. Alipofika, sheria ilikuwa imebadilika. Pasipoti yake ya Uingereza haikutosha tena, ilibidi wahakikishe kwamba anafuata mke na watoto wake kweli. Wakatuita mimi na Mama uwanja wa ndege. Ofisa akamuuliza Mama, "Mume wako anaitwa nani?"

Mchungaji, kwetu mke hatamki jina la mumewe. Hata siku moja. Mama humwita Baba Hansa, au husema tu "sikia wewe." Kule Mombasa, mtu wa posta akija na kifurushi akitaka jina la mwenyewe, Mama alikuwa ananigeukia, nami nalitaja. Ndiyo kazi yangu tangu nijue kusema. Kwa hiyo siku ile Mama hakuhangaika. Alinigeukia.

Nikaangalia viatu vya ofisa. Vya kahawia, kamba ya kimoja imekatika ikapigwa fundo. Akauliza tena. Mama akanigusa kiwiko. Jina lilikuwa pale pale kwenye ulimi, Mchungaji, na halikutoka, midomo tu ndiyo iliyocheza. Ofisa akaandika. Baadaye nikajua aliandika nini: mwanamke huyu hajui jina la mume wake.

Kwenye basi Mama akaniuliza, "Umewaambia?"

Nikasema nimewaambia.

Mpaka leo anamlaumu ofisa, eti masikio yake yamejaa nta. Mdogo wangu Kishor hunicheka: "Hansa usimuulize saa, atakujibu kesho." Mama humkemea, "Nyamaza wewe. Dada yako alisema." Akinitetea hivyo natamani ardhi inimeze, ila chini yetu yuko mwenye nyumba.

Nimejaribu kujipoza kwamba mimi na wewe sote tulinyamaza tulipoulizwa. Si kitu kimoja. Wewe ulijua unakataa nini. Mimi niliogopa sauti yangu mwenyewe tu.

Alhamisi tunaitwa tena, na wamesema ni mara ya mwisho. Wasiporidhika, Baba atapandishwa ndege, na Nairobi walishamkataa mara moja wakamrudisha huku, kwa kuwa si raia wao. Mama amenipigia pasi gauni la shule. "Utasema kama ulivyosema siku ile," ameniambia, "ila kwa sauti." Kama nilivyosema siku ile.

Leo kanisa lilikuwa tupu. Nikasimama mbele ya jiwe lako nikalitaja jina la Baba. Mara ya kwanza ilitoka pumzi. Mara ya tatu likagonga ukuta likanirudia. Sikujua kwamba Bibi Dorothy yuko nyuma na ufagio wake.

"Huyo ni nani, mwanangu?"

Nikasema, "Baba yangu."

"Basi mtaje tena. Huku nyuma sikusikia."

Jamnadas Kalyanji. Nililisema mpaka akaitikia kwa kichwa akaendelea kufagia.

Sasa nafunga daftari. Mama saa hizi anakaanga vitunguu, dirisha wazi na baridi yote inaingia, ili mwenye nyumba asilalamikie harufu. Nitamwambia leo, kabla hajaniuliza habari za maktaba: siku ile sikusema. Akinipiga, sawa. Ninachoogopa ni akiinamia sufuria asiseme kitu. Lakini afadhali ajue, ili Alhamisi akinigeukia awe anamgeukia mtu anayemjua.

Lala salama, Mchungaji. Wewe ulifukuzwa kwa kukataa kuapa, kwa hiyo sikuapii. Nakuahidi tu kwamba nitalisema.

Hansa, binti Jamnadas