Watu Wanne na Ngao Moja

Mwalimu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mdomo wangu haujui kukusemesha bila kukuamkia kwanza.

Nilikosea. Ungali hai sikulikubali, na nilikuwa na miezi minane ya kukusikiliza.

Ni ile picha ya enzi za Wajerumani, ya mwanamume aliyesimama mbele ya mwamba na mkuki na ngao ndefu ya ngozi ya ng'ombe. Ulisema ni babu yako Kinunda, Mmatengo, mkulima wa Litembo. Mimi, afisa utamaduni niliyeletwa Mbinga kutoka Tanga na kiburi changu, nikasema ngao ile ni ya Kingoni, basi huyo ni Mmatengo aliyejiunga na Wangoni waliowavamia watu wake. Nikaandika hivyo chini ya picha, nikaitundika katika ukumbi wetu wa maonesho. Uliniambia kwa upole tu, "Binti yangu, usisome ngao, msome mtu." Nikakuona mbishi.

Ukoo wako ukaja ukayasoma maandishi yangu, ukaacha kuwapa watoto jina la Kinunda. Nani amrithishe mwanawe jina la msaliti? Nawe ukafa na donge hilo moyoni, na aliyelitia ni mimi.

Wiki mbili baada ya kukuzika, mjukuu wako alijifungua mtoto wa kiume. Mkeo, Mama Anna, akaja ofisini, akaketi. "Nataka aitwe Kinunda. Itazame tena." Nikafungua kwenye kompyuta picha zote za mpiga picha aliyeipiga ile, kumridhisha tu. Ilikuwa mchana, ukungu umejaa dirishani.

Ngao ya Kinunda ina baka jeupe lenye umbo la jembe. Baka lile lile nikalikuta kwa mvuvi wa Kihagara kule ziwani, kwa mzee mmoja wa Kingoni, na kwa kijana nisiyemjua kwao. Mpiga picha alikuwa akitembea na ngao yake, akimshikisha kila aliyemsimamisha. Babu yako alishikishwa tu.

Ningeishia hapo ningefurahi. Lakini nikazikuza zile picha. Chini ya baka kuna tundu lililoshonwa kwa ugwe, na ngozi kulizunguka imeingia weusi kama wa damu iliyokauka. Aliyekuwa na ngao ile mwanzo alichomwa mkuki akiwa nayo. Wote wanne wamesimama nyuma ya tundu hilo, usawa wa ubavu. Kwa watatu linaonekana. Babu yako ameuegemeza mkuki begani, akapitisha mkono wa kulia mbele ya ngao, akaliziba kwa kiganja.

Mwalimu, wewe uliumwa kifua, lakini siku zako tatu za mwisho wodini kiganja chako cha kulia hakikutoka ubavuni. Nesi akiutoa mkono, unaurudisha pale pale. Tulidhani ni baridi. Mama Anna aliitazama picha, akajifunga khanga yake upya, akasema taratibu, "Yeye na babu yake wameshaonana." Tangu siku hiyo siwezi kuifungua nikiwa peke yangu ofisini.

Jumamosi nilipanda bodaboda hadi Litembo na picha zote nne. Nikawaamkia wazee mmoja mmoja, nikasema mbele yao kwamba mwenye kosa ni mimi, si Kinunda. Kaka yako mkubwa alinibana kwa maswali hadi nikatamani ardhi inimeze, kisha akataka aoneshwe ngao kwa watu wote wanne. Akazilinganisha picha moja moja. Halafu akasema mtoto aletwe, akamwita Kinunda, na Mama Anna akalia kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Maandishi ya ukumbini nimeyabadilisha: "Kinunda, mkulima wa Litembo. Ngao si yake." Wageni wameanza kuniuliza ni ya nani. Mwenye ngao hayumo katika picha hata moja, lakini mimi sasa kila nikizitazama namwona yeye tu, katika zote.

Nakuahidi nitamtafuta. Pumzika, Mwalimu wangu. Ukimkuta huko kabla sijampata huku, muulize alikuwa anaitwa nani.

Binti yako wa Tanga