Somo la Mimea Nililolikwepa

Mjukuu wangu Salma,

Hapa Satwa, Dubai, hatujambo, na goti la babu yako limepata nafuu. Umeniuliza kama kusoma biolojia miaka mitatu kabla ya udaktari ni kupoteza wakati. Nami nilidhani hivyo. Nilipokuwa chuoni nilikwepa somo la mimea. Rafiki yangu Rehema alikuwa akiniita, "Shoga, twende maabara." Nami nilikuwa nikimjibu, "Nenda wewe mkulima, mimi daktari."

Nikafeli mtihani wa somo hilo, na chuo cha udaktari hakikunipokea. Lakini kinachoniuma zaidi ni siku Rehema aliponivuta kwenye hadubini nione jani linavyopumua. Nilichungulia mara moja, nikatazama saa. Mpaka leo sijui nilikuwa nawahi wapi.

Akupendaye,
Bibi Zuhura