Mama Alivyowalisha Watetezi wa Bata Bukini

Dada yangu mpendwa Mauricette,

Pokea salamu za nyumbani, na ujue kwanza kwamba hatujambo. Mama ni mzima; goti na mkono tu ndivyo humsumbua asubuhi, ila ulimi wake haujapatwa na ugonjwa wowote. Tunataraji wewe, shemeji Régis na watoto mnaendelea vizuri huko Lille.

Najua umesikia kwamba tulivamiwa. Binamu Josette amekwisha kukupigia simu, na kwake yeye watu wawili huwa jeshi. Walikuwa wawili tu: msichana aitwaye Anouk na kijana aitwaye Loïc, wa chama kile kinachopinga ini nono, hili tunalouza sisi, la bata bukini walioneneshwa kwa kushindiliwa mahindi. Jumapili walisimama langoni na bango lenye picha ya bata bukini aliyeshindiliwa mrija kooni, wakapaza sauti, "Acheni kuwatesa!" Loïc akapenya uani ili awaonyeshe ndege mapenzi yake. Bata dume wetu akamng'ata makalioni, asimwachie. Mtetezi akawa anapiga mayowe atetewe.

Mama akatoka na ufagio. Nilidhani atawafukuza, kumbe alimchapa bata, kisha akawaambia wageni, "Ingieni ndani. Hapa kwangu mtu hapigi kelele langoni saa ya chakula halafu akaondoka na njaa."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Akawapakulia supu, wakauliza ina nini. Mafuta ya bata bukini. Viazi? Vimekaangwa kwa mafuta ya bata bukini. Na maharage je? Mama akaweka upawa chini, akauliza kwa upole, "Wanangu, huko kwenu mnaishi kwa kula nini, ukungu?"

Mwishowe akawatafutia nyanya, mkate, na kokwa za jozi na matunda ya plamu ya miti yetu. Kwa aibu ya kuwapa wageni chakula cha sungura, aliwajazia sahani, wakamaliza, akawajazia tena. Anouk alikuwa mjanja, akafunika sahani yake kwa kiganja. Loïc, aliyekalia upande mmoja kwa sababu unayoijua, hakuweza kukataa. Alipofungua kifungo cha suruali akasema, "Mama, nimeshiba, kweli tena. Hakipiti."

"Meza tu, mwanangu," Mama akamjibu, akimpapasa shingo. "Kitapita."

Dada, maneno yale unayajua. Ndiyo aliyowaambia bata bukini akiwashindilia mahindi tangu sisi wadogo, kwa sauti ileile, mkono uleule shingoni. Hakuna aliyecheka. Mama aliutazama mkono wake, akauondoa, akaenda bandani, akakaa huko mpaka kahawa ikapoa.

Sasa nikuambie jambo ambalo Josette halijui. Watu wale niliwaita mimi. Tangu mkono wa Mama uanze kuuma, mimi ndiye ninayeshika mrija, na msimu huu ilifika mahali nikimkamata bata, ananikodolea jicho moja huku anahema, nami namwachia. Mtu mzima mimi, mwenye mvi, sikuthubutu kumwambia Mama kwamba imenishinda. Nikaona heri waseme wageni, mimi nijifanye kushangaa.

Nilimfuata bandani, nikamweleza yote. Alinichapa kwa kitambaa cha jikoni kichwani, akarudia. Kisha akakaa juu ya gunia la mahindi, akasema, "Mjinga wewe! Mimi kazi hii imenichosha tangu baba yenu afariki. Nimeendelea kwa sababu nilidhani wewe unaipenda."

Basi, dada, mrija tumeung'oa. Bata waliopo watazeeka uani wakila majani. Tutauza jozi na plamu, na sikufichi, mwaka wa kwanza utakuwa mgumu. Loïc ameahidi kuja kutusaidia kuchuma, mradi dume afungiwe.

Mwambie shemeji Régis polepole, akiwa ameketi, kwamba Krismasi hii hakuna ini la kuwaringishia wakubwa wake kazini. Mama atampa uyoga. Wabusu watoto kwa niaba yetu, mje mapema kabla barabara haijaingia barafu.

Kuhusu Mama usiwe na wasiwasi. Leo hakuamka gizani kwenda bandani. Jua limekwisha kuingia dirishani kwake naye bado amelala, anakoroma, jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe. Nimevua viatu nisimwamshe.

Ndugu yako akupendaye,
Gaëtan