Baba Mdogo Anataka Kutoa Mirunda Siku ya Saba

Mpendwa mshauri, naomba unijibu hewani kabla ya Jumamosi. Ko! Ndivyo nyundo ya baba mdogo, fundi wetu, ilivyougonga mrunda wa kwanza, mti unaoshikilia zege la ghorofa ya mama, juzi, na tangu hapo hata nikipiga mswaki naisikia. Nilipiga kelele akaacha, akacheka, akawaambia vibarua wake, "Haya, mtaalamu kaogopa. Jumamosi ni siku ya saba, natoa yote."

Mimi napima saruji maabara, na ni mimi niliyemshawishi mama anunue hii mpya iliyochanganywa na unga wa udongo uliochomwa, nikaisifu pale kwenye ujenzi, mbele ya vibarua, kuliko mhubiri, kwamba baadaye huwa ngumu zaidi na haipitishi maji ovyo, ila sikusema kwamba hiyo baadaye si wiki moja, maana saruji ikikutana na maji hutoa chokaa, na ule unga huisubiri chokaa ndipo uungane nayo kuwa gundi, na kazi hiyo ni ya polepole tena inataka unyevu, zege likikauka mapema inaishia njiani. Siku ya kumwaga nilichukua vipande viwili vya zege hilohilo, jana nikavunja kimoja kwenye mashine, hakijafika hata nusu ya nguvu inayotakiwa. Baba mdogo ananijibu, "Si ulisema ni bora? Bora gani inayochelewa?" Mama naye, "Mwanangu, usimvunjie heshima aliyekusomesha." Ni kweli, alinisomesha kwa mwiko wake wa uashi. Nikinyamaza, watu watapita chini ya zege lile, nikishikilia, nimemwaibisha. Nimechoka kujua jambo nisiloweza kulisimamia.

Mpima Saruji

Mpima Saruji, pole, ila nawe umenichosha. Unamlaumu fundi kwa nusu ya habari uliyomnyima mwenyewe? Miaka yote siku saba zilimtosha. Mfuko wa saruji umebadilika, nani alimwambia na siku zimebadilika? Hicho si kiburi chake, ni uzembe wako. Na mama yako mwambie heshima haishikilii dari.

Makaratasi ya maabara yaache hukohuko. Mfuate asubuhi kabla vibarua hawajafika, anza na "Nilikosea, baba," kisha mpe kile kipande kilichobaki akikwangue mwenyewe. Fundi huamini mkono wake. Mirunda ibaki mpaka vipimo viruhusu, magunia yaliyolowa juu ya zege, maji asubuhi na jioni. Akikataa, nyumba ni ya mama yako, yeye afunge geti. Ondoka redioni, nenda.

Mshauri, ni mimi tena, leo Ijumaa. Sikumfuata faraghani. Saruji niliisifu mbele ya vibarua, basi na kosa nimelikiri mbele yao. Baba mdogo alikikwangua kipande kwa msumari, ukingo ukachubuka. Akauliza, "Wiki ngapi?" Nikasema nne, na tutapima kila wiki. "Basi maji utamwaga wewe."

Nimeomba likizo kazini. Tangu asubuhi nimeshamwaga mara tatu.