Darasa Lisiloitikia

Nyasubi, Kahama
Jumapili

Kwa Dada Paskalina, Mhunze,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta salama, na lile goti limepunguza kukusumbua. Sisi huku tu wazima, ila simu nimeichukia, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ulisikia kwamba chuo kilinipa kozi ya mtandaoni, niwafundishe akina mama wanaochenjua dhahabu hatari za zebaki. Sasa wamemleta msichana anaitwa Mwamvua, chaki hajawahi kuishika. Eti huyo ndiye anajua kufundisha! Masomo anayorekodi ni ya dakika mbili, kama mtu anayeagiza nyanya. Mimi nilirekodi saa nzima, Kiswahili kimenyooka, na mwisho nikawauliza kama wameelewa. Darasani, miaka thelathini, wanafunzi waliniitikia "ndiyo mwalimu" mpaka bati likatikisika. Kwenye simu walikaa kimya, nami nikajua wameelewa.

Huyu hataki kuitikiwa. Asiyejibu anampigia simu. Anayeuliza kwa Kisukuma anajibiwa kwa Kisukuma. Mwalimu gani huyo? Tena mmbeya: kila mmoja apige picha mahali anapochomea dhahabu yenye zebaki, amtumie. Nilicheka, nikamwambia mkuu wa chuo kwamba ameajiri mpekuzi wa majiko ya watu.

Dada, sasa jikaze. Picha moja ilitoka kwa Nelly wako. Kikaango cha kuchomea kilikuwa jikoni, dirisha limefungwa, pembeni sufuria ya uji wa mtoto. Mwamvua alipanda bodaboda siku hiyohiyo, akawapeleka wote wawili hospitali. Daktari amesema mtoto ana zebaki mwilini, lakini wamewahi, watamfuatilia. Nelly aliniomba nisikwambie.

Nelly alianzia kwenye darasa langu. Mara tatu aliandika kwamba hajaelewa, moshi asiouona utamdhuruje? Niliona mpwa wangu ananiaibisha mbele ya watu, nikamtoa kwenye kundi la darasa kwenye simu. Mwamvua ndiye aliyemtafuta akamrudisha. Nisamehe, dada. Kosa ni langu.

Jumatatu nilijiandikisha kwa huyo msichana. Kazi yangu ya kwanza ameirudisha, eti nimeandika mengi na sijajibu swali. Bado simpendi.

Nisalimie shemeji na wote hapo nyumbani. Nitukane utakavyo, dada, ila usinyamaze.

Mdogo wako,
Magesa