Barua Niliyompa Hugues

Kamenge, Jumapili

Shangazi Ghanima,

Assalam aleikum. Mama hajambo, goti limepoa. Mashine ya fotokopi hapa dukani imetengenezwa.

Uliniuliza kama niliomba ile buruse, ule ufadhili wa masomo ya chuo kikuu. Apana, Shangazi. Barua ya maombi niliiandika, kisha nikafuta jina langu, nikasema buruse ni ya watoto wa wakubwa. Hugues, jirani yetu niliyempita darasani, alipokuja nimchapie yake, nikampa ile yangu.

Jana alikuja kuaga, buruse kaipata. "Walisifu barua, Basma. Mi sikugusa hata neno."

Usinigombeze, nimejigombeza vya kutosha. Kutwa nachapa barua za watu. Mwaka huu, hii tu ndiyo nimetia jina langu.

Basma