Kidole cha Kusomea

Cancale, 27 Desemba 1974

Mwanangu Enora,
U mzima huko Nancy kwenye masomo yako ya udaktari? Mimi nipo, ni baridi tu inayotutesa. Sikukuu nimewafungulia chaza nusu ya mtaa. Jirani yetu Soizig akanicheka, "Kipofu unamshinda mume wangu mwenye macho yake!" Nikatia maringo, kisu kikateleza, kikanichoma kidole cha shahada cha kushoto. Damu ikaruka hadi ukutani! Soizig akakifunga kidole, damu ikakatika. Usihangaike, ni ngozi tu.
Babako

Nancy, 31 Desemba 1974

Baba, shikamoo.
Pole, lakini hiyo si ngozi tu. Damu ya kuruka ni ya ateri. Kiganjani ateri hupita juu ya neva, ila kidoleni ni kinyume: neva ndiyo iliyo mbele. Kisu hakifiki kwenye ateri bila kuikata kwanza neva, na neva ndiyo hisia yako. Na hicho ndicho kidole unachosomea nukta hizi za maandishi ya vipofu! Nenda hospitali ya Saint-Malo leo, waishone kabla ncha hazijasinyaa. Acha kiburi chako, tafadhali.
Mwanao

Cancale, 9 Januari 1975

Mwanangu,
Barua yako imenifurahisha mno. Endelea hivyo hivyo na masomo. Hapa ni mvua tu. Kidole kimepona, kimebaki kovu. Kula vizuri.
Babako

Nancy, 14 Januari 1975

Baba, shikamoo.
Leo naandika kwa wino, Mama Soizig akusomee. Barua yangu haikuwa na la kufurahisha hata moja. Nilikuambia uende hospitali! Hukuisoma, Baba, hukuweza. Mbona hukuniambia? Nina hasira nawe, na ninalia. Mama Soizig, mpeleke, hata kwa kumburuta.
Mwanao

Cancale, 20 Februari 1975

Mwanangu,
Natumai hujambo. Soizig alinipeleka, wakanipasua. Daktari ameunga alichoweza, ila anasema tulichelewa: huenda nikahisi moto na baridi, si nukta. Vidole vingine nimevijaribu, naona mchanga mtupu. Nilidhani ganzi itaisha. Kisha nikaona haya kumwambia binti niliyemsomesha kwamba sijui tena kusoma. Hasira yako ni haki yako.

Soizig ananisomea vizuri. Ila alipofika pale ulipoandika kwamba unalia, alijikohoza, akayaruka maneno hayo. Nilimgombeza ndipo akarudia, naye akalia. Basi ukiwa na jambo la moyoni, usiniandikie tena. Panda treni, uje uniambie.
Babako